TAHADHARI: Anayekuuzia kiungo cha Wikipedia anakuuzia hewa

Ndugu zangu wenye nyumba za wageni, kampuni za utalii na biashara ndogondogo: kuna watu wanapita WhatsApp wakiahidi kuingiza tovuti yako Wikipedia ili Google ikupandishe ukurasa wa kwanza. Usitume hela.

Mimi nahariri Wikipedia ya Kiswahili kwa kujitolea. Mwezi uliopita, nikipitia mabadiliko ya karibuni, nilikuta makala ya Kilwa Kisiwani imeguswa na akaunti iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Muhtasari wa uhariri, yaani maelezo mafupi anayoacha mhariri kuhusu alichobadilisha, ulisema: "nimesahihisha tahajia". Hakuna herufi hata moja iliyosahihishwa. Chini kabisa, kwenye viungo vya nje, palikuwa na mstari mpya: "Soma zaidi historia ya Kilwa". Ukibofya, unatua kwenye ukurasa wa kulipia safari ya Serengeti. Akaunti hiyo ilikuwa imepachika mstari huohuo kwenye makala 11 ndani ya dakika 20, mpaka kwenye makala ya mbu. Nikaondoa zote.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Mwenye tovuti, dada mmoja wa Arusha, aliniandikia kwa uchungu. Alikuwa amelipa shilingi 350,000 kwa kijana aliyejiita mtaalamu, na alitumiwa picha ya skrini kama ushahidi. Picha ni ya kweli kabisa, ila ilipigwa kabla sijafika. Kijana hapokei simu tena.

Sasa sikilizeni jinsi mnavyoibiwa. Tangu 2007, viungo vya nje vya Wikipedia, vya lugha zote, vinawekewa alama ya "nofollow", inayoiambia mitambo ya utafutaji isivihesabu kama pendekezo. Kwa hiyo hata kiungo kikidumu, usitegemee ile nguvu uliyoahidiwa. Kikiendelea kupachikwa, ndipo hasara inapokuwa kubwa: anwani ya tovuti yako inaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi ya pamoja, yaani orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku kwenye Wikipedia za lugha zote. Ikishaingia humo, ukurasa wowote utakaoongezewa anwani hiyo utakataa kuhifadhiwa, iwe ni Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa. Anayeadhibiwa ni wewe mwenye jina, si yule aliyekula hela.

Wengine wanauza makala nzima. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za mtandao mmoja, uliopewa jina Orangemoody. Walikuwa wakiwafuata watu na biashara ambao makala zao zilikataliwa, wanadai malipo ili wazichapishe, kisha wanadai tena ili "wazilinde". Makala 210 zilifutwa. Na kanuni iko wazi tangu 2014: anayelipwa kuhariri lazima atangaze nani anamlipa. Muulize anayekutongoza akuonyeshe tangazo lake. Atakuzungusha.

Tunaosafisha upande wa Kiswahili ni wachache, na wezi hawa wanalijua hilo. Ukikuta kiungo cha ajabu kwenye makala, bonyeza hariri, kitoe, andika sababu kwenye muhtasari. Huhitaji ruhusa ya mtu.

Na kama umeshalipa, usimtumie ya pili "ya kurudisha kiungo". Tunza namba yake, ujumbe wake na risiti ya muamala, upeleke polisi. Halafu andika kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala husika kwamba tovuti ni yako na hukutuma mtu apachike hovyo. Yule dada alifanya hivyo wiki iliyopita, na anwani yake haijaingia orodha nyeusi.