Antivairasi ya laptopu ya kijana: kipi cha kulipia, kipi cha bure, kipi cha kuacha

Mzazi anayetafuta antivairasi huwaza virusi vinavyojipenyeza vyenyewe usiku watu wamelala. Kwenye Windows inayopata masasisho, vijana hawaangushwi na hivyo. Huangushwa na faili walilolitafuta kwa mikono yao: gemu iliyochakachuliwa ili isidai leseni, modi (nyongeza ya kubadili gemu) ya Minecraft, programu ya kudanganyia kwenye Roblox, au ujumbe wa Discord unaosema "nimetengeneza gemu, nijaribie", kumbe akaunti ya rafiki huyo imedukuliwa tangu juzi.

Ndani ya mafaili hayo siku hizi hakuna kirusi cha kuharibu mashine. Kuna mwizi wa taarifa. Hukusanya manenosiri na vidakuzi (cookies, alama ambazo tovuti huweka kukumbuka kwamba umeshaingia) vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari, huvituma kwa mwenye kazi yake ndani ya dakika chache, na wakati mwingine hujifuta. Aliyeiba vidakuzi haulizwi nenosiri wala msimbo wa hatua ya pili, kwa kuwa tovuti inamwona ni mtu aliyekwisha kuingia. Juni 2023 mwizi wa aina hiyo, aliyepewa jina Fractureiser, alikutwa ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa kwenye CurseForge na Bukkit, mahali ambapo wengi waliona ni salama. Mwingine, Lumma, alikutwa na Microsoft kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025.

Sasa tazama jinsi mafaili hayo yanavyosambazwa, maana hapo ndipo uamuzi wa kununua unapogeuka. Mengi huja na maelekezo: "Zima antivairasi kwanza, inatoa onyo la uongo." Faili lenyewe liko ndani ya zip yenye nenosiri, tuseme 1234, ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani kabla halijafunguliwa. Mengine huvimbishwa kwa data tupu mpaka yafike mamia ya megabaiti, kwa sababu vikaguzi vingi huruka mafaili makubwa sana. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu antivairasi yoyote ni hili: kijana anaweza kuizima? Kama anaweza, bei yake haina maana. Orodha hii imepangwa kwa kuanzia na swali hilo.

Kabla ya kulipa chochote, angalia toleo la Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Antivairasi ya kulipia haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Ikiwa laptopu ina TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ihamishie Windows 11, ni bure. Ikiwa haina, pesa ya antivairasi iwekwe akiba ya mashine nyingine.

1. Microsoft Defender, pamoja na akaunti isiyo ya msimamizi (bure)

Hili ndilo chaguo letu la kwanza, na kwa laptopu nyingi za vijana ndilo linalotosha. Defender imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, na maabara huru za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huipima pamoja na zile za kulipia. Miaka mingi nyuma ilidharauliwa kwa haki. Dharau hiyo imepitwa na wakati.

Udhaifu wake ni kwamba laptopu nyingi za vijana zina akaunti moja tu, nayo ni ya msimamizi. Mwenye akaunti hiyo huzima ulinzi kwa kubofya mara mbili tatu, au huongeza folda kwenye orodha ya mahali pasipokaguliwa, na hapo mchezo umekwisha. Rekebisha hivi, kwa mpangilio huu:

- Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users. Tengeneza akaunti mpya ya mzazi na uipe aina ya Administrator, yenye nenosiri ambalo kijana halijui.
- Toka, ingia kwa akaunti hiyo mpya, uhakikishe inafanya kazi. Usiruke hatua hii; ndiyo inayokuepusha kujifungia nje.
- Ukiwa ndani yake, ibadili akaunti ya kijana iwe Standard User. Mafaili yake, picha na gemu vinabaki palepale.
- Fungua Windows Security, sehemu ya Virus & threat protection. Ulinzi wa muda wote, ulinzi wa wingu na Tamper Protection (inayozuia programu kubadili mipangilio ya ulinzi) vyote viwe vimewashwa. Angalia pia Exclusions, ile orodha ya mahali pasipokaguliwa: inatakiwa kuwa tupu. Ukikuta folda ya Downloads humo, jua kuna maelekezo ya mtu yaliyofuatwa.
- Nenda App & browser control, kwenye Reputation-based protection, uwashe kuzuia programu zisizotakiwa, kwa programu na kwa vinavyopakuliwa.

Laptopu mpya za Windows 11 zina pia Smart App Control, inayozuia programu isiyojulikana wala kuwa na sahihi inayoaminika. Ni kali na inafaa sana, ila haina njia ya kuruhusu programu moja tu. Kijana anayejifunza kuandika programu zake mwenyewe atakwama nayo, kwake izimwe.

Kuna pia Controlled folder access, inayozuia programu ngeni kugusa folda za Documents na Pictures. Huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, tarajia malalamiko: gemu nyingi huhifadhi maendeleo ya mchezaji ndani ya Documents, nazo zitashindwa kimyakimya. Kila gemu iruhusiwe kwa jina kwenye ukurasa huohuo.

Kujua kama ulinzi uko hai, tumia faili la majaribio la EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyodhuru ambayo antivairasi zote zimekubaliana kuyatambua. Lipakue kwenye akaunti ya kijana. Lisipozuiwa, kuna kitu kimezimwa.

Mipaka yake isifichwe. Mwizi wa taarifa hahitaji uwezo wa msimamizi. Anaweza kuendeshwa ndani ya akaunti ya kawaida na kusoma kivinjari cha kijana. Akaunti ya kawaida inachofanya ni kuhakikisha kuwa anakutana na Defender iliyo macho. Wala haizuii ule ulaghai wa ukurasa unaodai "thibitisha wewe si roboti" kisha ukamwambia mtu abonyeze Windows na R, abandike, apige Enter. Hapo anayeendesha amri ni kijana mwenyewe. Mwambie wazi: hakuna tovuti halali inayothibitisha mtu kwa njia hiyo.

Kwenye kivinjari ongeza kizuia-matangazo, kwa kuwa vitufe vingi vya uongo vya "Download" ni matangazo. uBlock Origin kamili hufanya kazi kwenye Firefox; kwenye Chrome imebaki ile nyepesi, uBlock Origin Lite, ambayo nayo inafaa. Viendelezi vingine vyote visivyo na kazi inayojulikana viondolewe, maana kiendelezi kinaweza kusoma kila ukurasa bila antivairasi kushtuka.

2. Diski ya nje

Wengi hawaihesabu kama kinga, lakini kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua hii. Programu za kufunga mafaili na kudai fidia hazina nguvu kwa mtu mwenye nakala. Chukua yenye ukubwa angalau mara mbili ya data iliyomo kwenye laptopu, nakili kazi za shule na picha mara moja kwa wiki, kisha ichomoe. Diski inayoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na laptopu. Hifadhi ya wingu ya bure, GB 5 za OneDrive au GB 15 za Google, husaidia kwa kazi za shule, ila kumbuka kwamba faili lililoharibiwa kwenye laptopu huharibika na huko likishasawazishwa, mpaka urudishe toleo la zamani.

3. Antivairasi ya kulipia: Bitdefender, ESET, Norton

Ina nafasi yake pale nyumba ina vifaa vitano au kumi, vikiwemo simu za Android, na mtu mmoja anataka kuviona vyote sehemu moja. Pia pale ambapo hakuna atakayekaa kupekua mipangilio tuliyoitaja. Zote tatu hupata alama za juu kwenye maabara mara kwa mara. Tofauti zao za kutambua virusi ni ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua. Chagua kwa mambo haya.

Kwanza, nenosiri la mipangilio. ESET inakuruhusu kuifungia mipangilio yake kwa nenosiri, kijana asiweze kuizima. Bidhaa isiyo na uwezo huo iache. Pili, uzito: kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 utausikia. AV-TEST hutoa alama 6 za ulinzi, 6 za kasi na 6 za urahisi wa matumizi. Kwa laptopu dhaifu tazama alama ya kasi, usiangalie jumla ya 18 peke yake. Tatu, bei ya mwaka wa pili. Ile inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya mwaka wa kwanza, na kujihuisha, yaani kukatwa pesa tena muda ukiisha, huwa kumewashwa. Kuzime siku hiyohiyo unayolipa.

Ukiweka antivairasi hii, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Usiweke mbili za kulipia pamoja. Zitagombania kila faili na laptopu itakwenda kwa kujikokota, pengine mojawapo iitaje nyingine kuwa ni kirusi.

Kaspersky nayo hufanya vizuri kwenye vipimo, lakini Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2024, na masasisho kwa watumiaji wa huko yalisimama 29 Septemba mwaka huohuo. Aliyeko Marekani asiinunue kwa mlango wa nyuma: antivairasi isiyosasishwa haijui virusi vya wiki hii.

4. Malwarebytes ya bure, kama jicho la pili

Hukagua unapoiagiza. Haikai macho muda wote. Kwa sababu hiyo haigombani na Defender, na ni nzuri kwa kusafisha takataka zilizojibandika kwenye kivinjari. Ikikupa majaribio ya toleo la kulipia, yaache yaishe. Ukaguzi wa bure unaendelea.

Ukiwa na shaka kubwa zaidi, usitegemee ukaguzi wa kawaida. Ndani ya Windows Security, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Laptopu itajizima na kukagua kabla Windows haijawaka, kwa kama dakika 15, wakati ambapo kirusi hakina nafasi ya kujificha. Hifadhi kazi zote kwanza. Na manenosiri yabadilishwe kutoka kifaa kingine, yakiambatana na amri ya kutoka kwenye vifaa vyote. Kubadilisha nenosiri peke yake kunaweza kumwacha mwizi ndani na vidakuzi vyake.

5. Antivairasi nyingine za bure

Zinalinda, hatukatai. Tatizo ni kwamba hazikupi kitu ambacho Defender haina, na zinaishi kwa kukuuzia toleo kubwa kila baada ya siku chache. Kijana hujifunza kufunga kila dirisha linalojitokeza bila kusoma, likiwemo lile la onyo la kweli. Na kuna suala la data: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza historia ya kuvinjari ya watumiaji wake kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa 2020.

Vya kutonunua

Programu za "kusafisha na kuongeza kasi" hazizuii virusi. VPN huficha njia ya mawasiliano, haichunguzi faili. Antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya iondolewe kabisa, kwa chombo cha kuondolea kinachotolewa na mtengenezaji wake, kisha hakikisha Defender imerudi kazini. Nyingi hubaki zimeisha muda huku zikionekana kama zinalinda.

Mbaya kuliko zote ni programu za kumpeleleza mtoto, zinazorekodi kila anachoandika na kupiga picha skrini yake kwa siri. Kiufundi hizo ni programu za kijasusi kama zile unazozikimbia. Nyingi hukuagiza uzime antivairasi ili zisakinishwe, kisha hupeleka mazungumzo ya mwanao kwenye seva ya kampuni usiyoijua. Unachotaka ni mipaka? Microsoft Family Safety ni ya bure, kijana anaiona wazi, na inaweka saa za matumizi. Ila kichujio chake cha tovuti hufanya kazi ndani ya Edge. Kwa vivinjari vyote kwa pamoja, ingia kwenye ruta na uweke DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) ya Cloudflare, 1.1.1.2 na 1.0.0.2, au ya Quad9, 9.9.9.9 na 149.112.112.112, ambazo hukataa kufungua tovuti zinazojulikana kwa virusi. Kijana mwenye VPN au bando la simu yake ataipita.

Kama bado hujanunua laptopu

Kwa anayehitaji kivinjari na kazi za shule tu, Chromebook inapunguza kazi hii yote: haiendeshi mafaili ya Windows, hujihakiki kila inapowaka, na ikiharibika hufutwa na kurudishwa upya kwa dakika chache. Kabla ya kulipa, tazama tarehe yake ya mwisho ya masasisho, maana zilizotumika huuzwa rahisi zikiwa zimebakiza miezi. Mac ina kinga za XProtect na Gatekeeper ndani yake, lakini wezi wa taarifa kama Atomic Stealer wameandikwa mahususi kwa ajili yake, nao huingia kwa programu zilezile zilizochakachuliwa. Akaunti ya kijana huko nayo iwe ya kawaida.