Karatasi na kanvasi za picha za ukutani: kabla ya kulipa, ziwashie tochi

Tangu masika yaishe, wasomaji wananiandikia lalamiko lilelile. Mpiga picha mmoja wa Jambiani aliprintisha picha za majahazi kwa ajili ya hoteli, karatasi nzito, bei ya kutisha, na sasa tanga lililokuwa jeupe limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwengine anauza picha zake Mji Mkongwe. Mteja wa nje kamtumia ujumbe kwamba kanzu za wazee waliotoka msikitini zimeingia umanjano. Wote wawili wanauliza habari za wino, na wote wawili wametumia wino mzuri wa pigmenti, ule usiopauka haraka. Kasoro imo ndani ya karatasi, na muuzaji hakuitaja.

Uzito, glosi, mati, hayo sitayapotezea muda. Unayajua, na kidole chako kinakwambia. Mie nataka uulize kwanza juu ya dawa ya weupe, ile ambayo kwenye maboksi na kwenye tovuti za watengenezaji inaandikwa kwa herufi tatu: OBA. Ni jamii ya dawa iliyomo kwenye sabuni ya unga ya kufulia. Inanyonya mionzi ya UV, ambayo macho hayaioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa buluu, na karatasi ambayo kwa asili ina rangi ya krimu kidogo inaonekana nyeupe pe. Kadiri inavyopigwa na jua ndivyo dawa inavyochoka. Buluu ikishaondoka, karatasi inarudi kwenye rangi yake, na picha nzima inarudi nayo. Sisi wa Zanzibar tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na hoteli zetu za pwani zimejengwa wazi ili mgeni aone bahari. Jua linaingia mpaka ukutani.

Hata ukiitundika kivulini hujaokoka. Taa nyingi za LED za ndani hazitoi UV, na vioo vya fremu vya ghali vinaizuia, kwa hiyo dawa haina cha kufanyia kazi. Weupe ulioupenda mchana pale mlangoni mwa duka haupo tena sebuleni kwa mteja, na rangi ulizozisawazisha usiku kucha zimehama bila ya wewe kugusa kitu.

Namna ya kuijua ni rahisi. Chukua tochi ya kukagulia noti bandia, ile yenye mwanga wa zambarau iliyopo kwenye maduka ya kubadilisha fedha. Bei yake ni ndogo. Ingia mahali penye giza, iwashie karatasi upande wa kuprintia, kisha upande wa nyuma, kwa sababu dawa inaweza kuwa upande mmoja tu. Weka pembeni mkono wa kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, upate cha kulinganishia. Kanzu itawaka buluu. Karatasi ikiwaka vilevile, irudishe. Ikibaki imefifia, imepooza, hiyo ndiyo karatasi.

Sasa nichague. Ya kwanza kwangu, na sioni haya kusema naipendelea, ni Canson Infinity Rag Photographique ya gramu 310 kwa mita ya mraba. Pamba asilimia 100, haina dawa ya weupe, uso wake laini hauna vinyweleo vya kuingilia kwenye uso wa mtu uliyempiga. Kampuni hii ya Ufaransa inahesabu historia yake tangu 1557. Ngozi nyeusi, ambazo ndizo tunazozipiga kila siku, zinatoka humo na kina: unaona tofauti ya kivuli cha shavu na kivuli cha shingo. Weupe wake umetulia, na ukiuzoea hutautamani ule wa buluu. Ipo pia ya gramu 210, lakini kwa unyevu wetu nyembamba inajikunja haraka, na fundi wa fremu atakulaumu.

Ukitaka mng'ao, hasa kwa picha nyeusi na nyeupe, chukua ndugu yake, Platine Fibre Rag, gramu 310, pamba tupu, nayo haina dawa. Waliowahi kuingia Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa 1930, wanajua Zanzibar ya nyeusi na nyeupe inavyotakiwa kuonekana ukutani. Platine ndiyo iliyonifikisha karibu zaidi na muonekano huo.

Hahnemühle wa Ujerumani, waliopo tangu 1584, wana jina kubwa kuliko wote, na hapo ndipo watu wanapoponzwa na jina. Museum Etching ya gramu 350 haina dawa, Bamboo ya gramu 290 haina, zote nzuri. FineArt Baryta, inayosifiwa kwa weupe, inayo. Kwa hiyo ukiambiwa "hii Hahnemühle" bado hujaambiwa kitu. Uliza Hahnemühle gani. Epson angalau wanakusaidia kwenye jina: karatasi yao ya Hot Press iliyoandikwa Natural haina dawa, iliyoandikwa Bright inayo.

Kanvasi naiweka nyuma. Ya pamba inavuta unyevu, inalegea kwenye fremu masika na kukaza kiangazi, na wino unapasuka kwenye pembe inapokunjwa. Mteja aking'ang'ania, chukua iliyochanganywa na poliesta, ipigwe vanishi, na tochi iwashiwe nayo pia, maana kanvasi nyingi zimejaa dawa.

Zile karatasi za bei poa za plastiki zinafaa picha za harusi za kwenye albamu. Ukutani, hapana.

Wauzaji nao wana lao la kujibu. Karatasi inafunguliwa boksi, inauzwa mojamoja ndani ya mfuko wa nailoni usio na jina, na ukiuliza ni ipi unajibiwa "orijino ya Ulaya" au "ya makumbusho". Wengine wanakuonesha maandishi kwamba haina asidi, au kwamba imepita ISO 9706. Kipimo hicho kinahusu asidi na uimara wa karatasi. Dawa ya weupe hakiikatazi. Juu yake bei inatajwa kwa dola, nauli ya kutoka Dar inahesabiwa kwenye kila karatasi, na ukitoa tochi unaonekana umekuja kumvunjia mtu biashara. Fundi anayeuza picha moja kwa wiki hawezi kubeba hasara hiyo kwa sababu mtu kaficha boksi.

Dai boksi. Lipige picha ubavuni, jina kamili na gramu zionekane, kisha muuzaji aandike jina hilohilo kwenye risiti. Asiyekubali kuandika, usimpe pesa. Bora mchangiane watu watatu wanne muagize boksi zima limefungwa, mgawane.