Magunia ya kukinga ufuo yanayouzwa Industrial Area: lipi la kununua, lipi la kuacha

Wenye viwanja Diani na Nyali wengi wanaishi Nairobi, na bahari ikianza kula ukingo, ununuzi hufanyika huku huku Industrial Area, kwenye maduka ya vifaa vya barabara na mabwawa. Magunia ya kujazwa mchanga yako ya aina mbili, na tofauti yake ni ya mkeka na blanketi.

Aina ya kwanza ni polipropilini iliyofumwa, ndugu wa kiroba cha mahindi. Ni rahisi kwa bei na kwa ufuo halifai. Jua huzila nyuzi, uzi mmoja ukikatika mpasuko hukimbia, na mchanga laini huchuruzika kila wimbi linaporudi. Vipande vyake huishia kwenye nyasi bahari, malishoni mwa kasa. Yale makubwa ya mtumba yaliyobeba mbolea ni mabaya zaidi: yamekwisha kuchoka kabla hujayajaza.

Aina ya pili ni jiotekstaili isiyofumwa, nyuzi za poliesta zilizogongwa kwa sindano hadi zikashikana nene. Hii ndiyo ya kununua. Inapitisha maji, inazuia mchanga, na gunia likikaa linajikunja kufuata la chini yake. Muuzaji akikuambia ni gramu 600 kwa mita ya mraba, omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 ukiweke kwenye mizani ndogo: kinapaswa kuwa gramu 6. Kikiwa 2 au 3, hicho ni kitambaa cha kutandika chini ya barabara. Mwagia kikombe cha maji. Yapite mara moja, yasituame juu. Kisha geuza gunia utazame mshono: safu mbili, uzi wa poliesta. Mshono wa safu moja hufumuka gunia linapoinuliwa, maana uzito wote huning'inia hapo.

Ukubwa ndiko wengi wanakopunjika. Gunia la kilo 50 wimbi hulisukuma kama mpira. Chukua la ujazo wa mita 0.75 za mchemraba. Likijaa mchanga uliolowa hufika takriban tani 1.3, kwa hiyo litahitaji ekskaveta. Likilala huchukua kama mita 1.5 kwa 1.2 kwa 0.4. Ukililaza kwa urefu kuelekea bahari, upana wa mita 1.2 ukifuata ukingo, ukingo wa mita 20 unakula magunia 17 kwa safu. Safu tano kwenda juu ni 85, na mbili za kuzikwa chini ni 34: jumla 119, karibu mita 90 za mchemraba za mchanga, yaani safari tisa za tipa ya mita 10. Bei ya gunia pekee isikudanganye. Mchanga na mashine ndivyo vinavyomaliza fedha. Na mchanga huo usichotwe ufuoni mbele ya ukuta. Anayefanya hivyo anateremsha ufuo wenyewe, kisha anashangaa mawimbi yakimfikia kwa nguvu zaidi.

Kinachoangusha kuta hizi kwa kawaida ni miguu yake. Kimo cha mchanga hupanda na kushuka kati ya kusi na kaskazi, na anayeweka safu ya kwanza juu ya mchanga wa msimu mzuri atakuta chini kumechimbika, safu imeinama, na yote yanateremka. Chimba hadi chini ya kimo cha mchanga unaposhuka kabisa, tandika kitambaa cha jiotekstaili kwanza, ndipo upange, kila safu ikirudi nyuma ya ile ya chini. Panga kazi siku za bamvua: maji hupwa sana asubuhi, kwenye saa nne hivi, na una saa chache za kuzika miguu kabla hayajarudi.

Kosa jingine ni ncha. Ukuta unaokatika ghafla mpakani hupeleka nguvu ya mawimbi kwa jirani, na kiwanja chake huanza kulika. Pinda ncha zote mbili ziingie ndani ya ardhi, na uongee na jirani kabla ya kununua. Mkitengeneza mstari mmoja mnaokoa mchanga na ugomvi. Kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, ni lazima, na ofisi kuu iko Popo Road, South C, karibu tu na maduka haya.

Hata gunia bora linakinga ardhi, halirudishi ufuo. Kama tuta la mchanga la ufuoni bado lina mimea, acha kununua. Funga vijia vinavyolikanyaga, weka ngazi moja ya mbao ya kushukia, na waambie wahudumu waache kufagia nyasi bahari zilizotupwa na maji, kwani ndizo zinazonasa mchanga. Ngamia na pikipiki za magurudumu manne zipite chini, kwenye mchanga mgumu. Pale kasa wanapotaga, ukuta wa magunia humfungia njia mama anayepanda usiku, na hapo tunapendekeza wazi usijengwe.

Ukishalipa, ongeza magunia 10 ya akiba na kitambaa cha viraka. Kisu, nanga na ncha za mwamba vitatoboa baadhi, na tundu la ngumi lisipozibwa upesi gunia zima hulegea likawa tupu.