Sinclair au Wambach: mshambuliaji wako amfuate nani?

Ubishi huu hauishi kwenye vijiwe vya soka Arusha. Kwa jumla ya mabao ya timu ya taifa ya wanawake, Christine Sinclair wa Kanada yuko juu: 190 katika mechi 331, tangu 2000 hadi 2023. Abby Wambach wa Marekani alifunga 184, ila kwa mechi 255 tu. Hiyo ni wastani wa 0.72 kwa mechi dhidi ya 0.57, na hapo Sinclair hana utetezi.

Kwa kudumu, anashinda Sinclair. Alifunga katika Kombe la Dunia 5 mfululizo, 2003 hadi 2019.

Wambach alifunga 77 kwa kichwa, na makocha wengi humwiga vibaya: wanatafuta binti mrefu, wanasahau mpigaji krosi. Bao lake la dakika ya 122 dhidi ya Brazili, 2011, lilitokana na krosi ndefu ya Megan Rapinoe kutoka kushoto hadi nguzo ya mbali. Timu yako ya Moshi ina winga wa hivyo? Mfuate Wambach. Kama haina, mzoeshe binti kumalizia kwa miguu yote miwili, kama Sinclair.