Filta ya tangi la samaki: ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani

Maji ya tangi yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakaua samaki. Kinachoua ni amonia, ambayo hutoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe, kwenye kinyesi na kwenye chakula kilichobaki kikaoza. Bakteria wanaoishi ndani ya filta huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Kwa hiyo ukinunua filta, unanunua makazi ya bakteria hao. Kunasa uchafu unaoonekana ni kazi ya pili.

Anza kwa kupima ujazo: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 × 30 × 30 huchukua lita 54. Filta yenye pampu ya maji ipitishe ujazo huo mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 216 hadi 324. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa filta ikiwa tupu, na kasi hushuka ukishaweka sponji, kwa hiyo kwa tangi hili tafuta iliyoandikwa kama lita 400. Samaki wa dhahabu huchafua maji kupita kiasi. Wao wape mara 8 hadi 10.

Nafasi ya kwanza: filta ya sponji. Kwa tangi la chini ya lita 80, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Pampu ya hewa husukuma viputo ndani ya bomba, viputo vikipanda huvuta maji kupitia sponji, na sponji nzima hugeuka makazi ya bakteria. Haimezi vifaranga wala kamba wadogo, wala haimchoshi samaki aitwaye beta, ambaye mapezi yake marefu hayawezi mkondo mkali. Chagua ya tangi kubwa kidogo kuliko lako. Pamoja nayo nunua valvu ya kuzuia maji kurudi, kidude kidogo kinachofungwa kwenye mpira wa hewa. Bila hiyo, umeme ukikatika na pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, maji hurudi kwenye mpira, huua pampu na kumwagika sakafuni. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: upande ambao pumzi inatokea ndio uelekee tangini.

Nafasi ya pili: filta ya kuning'inia ukingoni. Inafaa tangi la lita 40 hadi 150, na kuisafisha ni rahisi kwa sababu huhitaji kuingiza mkono majini. Tatizo lake ni vile vibweta vya kubadilisha. Maelezo ya boksi mara nyingi husema utupe kibweta kila mwezi; ukifanya hivyo umetupa bakteria pia, amonia hupanda, na baada ya siku chache utaona samaki wakihema juu ya maji. Weka sponji iliyokatwa kutoshea, pamoja na pete za kauri, ambazo bakteria hukaa juu yake. Kaboni, yaani makaa ya kusafisha maji yaliyomo kwenye vibweta hivyo, huchoka baada ya mwezi hivi, na lazima itolewe unapotibu samaki kwa sababu hunyonya dawa. Usawa wa maji nao usiachwe ushuke sana: umeme ukirudi, pampu inaweza kushindwa kuvuta, ikazunguka kavu mpaka ikaungua.

Nafasi ya tatu: filta ya mtungi, inayokaa nje chini ya meza. Kwa tangi la zaidi ya lita 150, hasa lenye samaki wakubwa, ipandishe iwe ya kwanza, kwa kuwa kati ya hizi hakuna nyingine yenye nafasi kubwa hivyo ya pete za kauri. Hakikisha mabomba yana koki za kufunga pande zote mbili, na kwamba pete ya mpira ya kifuniko inapatikana kama spea. Ikikauka, mtungi huvuja. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, oksijeni huisha ndani ya mtungi uliofungwa na bakteria huanza kufa. Mwaga kwanza maji yaliyolala humo, suuza, ndipo uwashe.

Filta ya kuzamisha yenye pampu ni ya nne: hula nafasi na sponji yake ni ndogo. Inatosha kwa tangi la karantini. Ya chini ya changarawe iache dukani. Kinyesi hujikusanya chini ya sahani yake, na kukitoa ni kubomoa tangi zima.

Yoyote utakayochukua, sponji isuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa maana klorini huua bakteria. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke yasifike kwenye plagi.

Filta mpya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha. Kama tayari una samaki, usiitoe ya zamani siku ileile. Ziendeshe zote mbili kwa muda huo, kisha pima amonia na nitriti. Zote zikisoma sifuri, ya zamani itoe.