Programu za kuhariri picha na vichujio vyake: ipi ununue, ipi uiache

Ukinunua programu ya kuhariri picha leo, usijisumbue kuuliza kama ina akili mnemba, maana karibu zote zinayo. Uliza kazi inafanyikia wapi: ndani ya kompyuta yako au kwenye seva (kompyuta za mbali) za kampuni. Jibu lake litakuonyesha mapema kama utaruhusiwa kufuta kamba ya nguo iliyokatiza nyuma ya mama anayenyonyesha, au utaambiwa umekiuka kanuni za matumizi.

Kwenye seva ombi lako hupitia vichujio, yaani ukaguzi wa maudhui, hatua kwa hatua: maneno uliyoandika, picha uliyotuma, kisha picha iliyotengenezwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu. Unaweza kuacha kisanduku cha maneno kitupu kabisa na bado ukakataliwa, kwa sababu mashine yenyewe ndiyo iliyojaza eneo lile kwa kitu ambacho mkaguzi wake hakukipenda. Mkaguzi huyo ni programu, si mtu, na hajui nia yako. Anatoa alama, na ngozi ikionekana kwa wingi alama zinapanda. Mwaka 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza lilijaribu zana za namna hii za Google, Microsoft na Amazon, likakuta picha za wanawake zinahesabiwa kuwa za kuchochea ngono kuliko za wanaume katika hali zinazofanana, hata picha za kitabibu za uchunguzi wa matiti. Ndiyo maana mpiga picha wa wajawazito au wa mavazi ya kuogelea hugonga mwamba kila mara, na wa magari hakwami.

Sisemi vichujio viondolewe. Teknolojia hii hii hutumika kuwavua watu nguo bila ridhaa yao, na Mei 2025 Marekani ilipitisha Take It Down Act, sheria inayofanya kusambaza picha za faragha za mtu bila ridhaa kuwa kosa la jinai, zikiwemo zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Kampuni ikikukatalia picha halali, hasara yake ni hasira zako tu. Ikiachia moja chafu, hasara ni ya mahakamani na ya jina. Kwa hiyo usinunue kwa kutumaini kwamba mwakani watalegeza.

Nafasi ya kwanza naipa zana zinazofuta na kuziba bila kutoka kwenye kompyuta yako. Hazivutii kwenye tangazo, lakini sehemu kubwa ya kazi za kila siku ni hiyo: waya, takataka, mpita njia, doa ukutani. Content-Aware Fill imo ndani ya Photoshop tangu toleo la CS5 la mwaka 2010. Inaokota vipande kutoka picha ileile, na haimwombi mtu ruhusa. Affinity, ambayo tangu Oktoba 2025 ni ya bure, ina brashi ya kuziba inayofanya kazi hiyo vizuri. Programu ya GIMP ukiiongezea kiongezo cha Resynthesizer hulipi kitu pia. Ukitaka akili mnemba halisi lakini ya nyumbani, jaribu IOPaint, programu huria inayotumia LaMa, modeli (mfumo wa akili mnemba uliofunzwa) ya kuziba mapengo kwenye picha. Inakwenda hata kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro, ila polepole. Udhaifu wa zana hizi zote ni mmoja: hazibuni. Ukifuta mtu aliyefunika nusu ya mkono wa bibi harusi, hazitakupa mkono mpya.

Hapa kuna mtego wa kuangalia. Lightroom ya Adobe, kampuni ya Photoshop, ina zana mbili za kuondoa vitu zinazokaa jirani, na wengi hawajui kwamba Generative Remove, iliyoletwa 2024, inatuma kazi kwenye seva za Adobe, ilhali ile ya zamani inabaki kwako. Denoise ya Lightroom, inayosafisha chengachenga, nayo hufanyika kwenye kompyuta yako, haijali picha ni ya nani wala amevaa nini. Brashi ya Remove ya Photoshop ina mahali pa kuzima akili mnemba zalishi, yaani ile inayobuni vitu vipya. Izime kwanza, uiwashe pale tu unapokwama.

Ya pili ni Krita, programu ya kuchora, pamoja na kiongezo chake cha akili mnemba, kwa aliye na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6 au zaidi. Modeli za wazi kama Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti 2022, unazipakua na kuzitumia bila intaneti. Si kwamba hazikuwahi kuwa na kichujio: msimbo wa awali wa Stable Diffusion ulikuja nacho, na kikishtuka kilikurudishia picha ya mwimbaji Rick Astley badala ya yako. Watafiti waliokifungua mwaka huohuo wa 2022 walikuta kinawinda mambo ya ngono tu, vurugu na damu zikipita bila kuguswa. Soma leseni kabla ya kufanyia kazi ya wateja: modeli ya Qwen-Image-Edit ina leseni ya Apache 2.0 inayoruhusu biashara, lakini FLUX.1 Kontext toleo la dev ina leseni isiyo ya biashara. Zote mbili ni nzito na kadi ndogo itazisotea. Na kutokuwepo kwa mkaguzi hakukuondolei sheria. Picha ya mtu bado inahitaji ridhaa yake.

Generative Fill ya Photoshop, inayobuni vitu vipya kwenye eneo uliloteua kupitia seva, naiweka ya tatu, ingawa kwa ubora ingeshindania ya kwanza. Kwa mandhari, majengo na bidhaa haina shida. Kwa watu, utahitaji subira na ujanja kidogo. Teua eneo dogo kadiri inavyowezekana, kwa kuwa seva huangalia na kingo zinazolizunguka. Kama tatizo ni bega au tumbo lililo jirani, lipake rangi kwenye leya (tabaka) ya juu, jaza mandharinyuma, kisha ifute leya hiyo. Tangu Septemba 2025, kuanzia toleo la beta (la majaribio), unaweza kuchagua pia modeli za Google na za Black Forest Labs, waundaji wa FLUX. Kila moja ina masharti yake, kwa hiyo iliyokataa moja inaweza kukubaliwa na nyingine.

Zana za simu zinafuata. Magic Editor ya Google ilipoanza na simu ya Pixel 8 mwaka 2023 ilikataa kuhariri vitambulisho, risiti, nyuso na viungo vya mwili. Kwa risiti nawaunga mkono kabisa. Clean Up ya Apple, inayofuta vitu visivyotakiwa, inatosha kwa picha za safari. Usinunue simu kwa ajili ya mojawapo.

Mwisho kabisa ni kuhariri kwa kuzungumza na ChatGPT au Gemini. Mara nyingi hazigusi sehemu uliyotaja tu, bali huchora picha upya, na ukilinganisha nyuso utakuta mteja wako amekuwa ndugu yake. Ombi lilelile linaweza kupita asubuhi na kukataliwa jioni. Kwa tangazo la viatu, sawa. Kwa sura za watu, hapana.

Tovuti zinazojinadi kwamba hazina kichujio chochote sikuzipa nafasi. Hujui picha za mteja zinaishia wapi, na wanaozikimbilia wengi hawaondoi kamba ya nguo.

Kabla ya kulipa, tumia kipindi cha majaribio kwa picha ngumu kutoka kabati lako mwenyewe, zile zenye ngozi, watoto au majeraha, baada ya wahusika kukubali. Tazama kama jaribio lililokataliwa linakula pointi za matumizi (credits) ulizolipia. Tazama pia mkataba: mpango wa Adobe wa mwaka unaolipwa kila mwezi hutoza ada ukiuvunja mapema, kwa hiyo anza na ule wa mwezi kwa mwezi hata kama unaonekana ghali.