Kitalu cha miche Kabale: kama shamba lako liko bondeni soma hapa kwanza

Jamani nyie wa Kigezi mnaohangaika na baridi ya Juni na Julai, kuna kitalu nje kidogo ya mji wa Kabale huku kusini magharibi mwa Uganda, miche yao nimekaa nayo misimu miwili sasa kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kabla ya hapo nilinunua parachichi na matunda damu (wengine mnaita magogwe) kwa muuzaji wa barabarani, yeye shida yake hela tu, nikapanda chini kabisa bondeni palipokuwa na mafunjo zamani. Asubuhi moja ya Julai naamka nyasi nyeupe pe, umande umeganda, ukikanyaga unasikia kwacha kwacha, na jua lilipopiga majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Miche 26, haukubaki hata mmoja. Nililia.

Sasa huyu mzee wa kitaluni kabla hajashika hela alinibana maswali, shamba liko mlimani au bondeni, ukungu unatoka saa ngapi, nikamwambia nataka parachichi tena akakataa kuniuzia! "Mwanangu, baridi ni kama maji, usiku inateremka inajaa bondeni. Parachichi utapanda kwenye mteremko, huko chini weka tufaha na plamu." Tufaha akanipa aina mbili, Anna na Dorsett Golden, hizi hazidai baridi nyingi ili zichanue ndo maana zinazaa huku kwetu, na uzichanganye maana Anna peke yake haizai vizuri.

Ila kilichoniokoa hasa ni mambo ya majani. Huku tunaupukutisha mtufaha majani kwa mkono ndo uchanue, yeye akanikataza kabisa kupukutisha Mei na Juni, maua yasije yakafunguka wakati wa baridi. Mti wenyewe unavumilia, hata chipukizi lililojifunga linavumilia, lakini ua likishafunguka nyuzi 2 tu chini ya sifuri linaanza kufa, zikikaribia 4 karibu yote yamekwenda. Ndo yaliyowakuta wakulima wa Marekani Aprili 2007, Machi ilikuwa na joto miti ikaamka mapema halafu baridi ikarudi.

Julai iliyopita umande uliganda mara mbili. Nilienda shambani roho juu, nikakwangua gamba kwa kucha kama alivyonionyesha, chini yake kijani kibichi, bado mbichimbichi. Mitufaha 18 kati ya 20 mizima, plamu zote 6!

Kasoro zipo. Hawaweki lebo, ilibidi niifunge Anna uzi mwekundu mwenyewe, na viriba (mifuko ya miche) vingine mizizi imeshatoboa chini kwa hiyo vigeuze uangalie kabla hujalipa. Tufaha nililipa shilingi 8,000 kwa mche, si bei ya mchezo, na usibebe kwa boda, miche inavunjika pale ilipounganishwa na shina la mti mwingine, tafuteni pikapu mchange watu wawili watatu.

Mvua za Septemba zikianza narudi kwa mzee kuchukua parachichi, za kule juu kwenye mteremko.